Nilichomoa diski nzima, nikaiacha mbovu

Mwezi wa tatu 2024, mama mmoja wa hapa Tanga aliingia studio kwetu akiwa ametoka eda wiki iliyotangulia. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa, akakataa maji. "Mwanangu, nimekuja na jambo," akasema. Mwaka 2020 tulirekodi nikahi ya bintiye, na marehemu mumewe alitoa nasaha mbele ya watu. Nakala waliyopewa wakati ule ilikuwa kwenye flashi, na flashi imepotea katika kuhama nyumba. Alichotaka ni zile dakika sita za mumewe akizungumza, basi.

Nikamwambia hilo halina taabu, vitu vyetu vyote vipo. Nikafungua faili mbele yake. Picha ikaenda vizuri dakika mbili, mara ikaganda, mzee akabaki kashika maiki, mdomo wazi. Chini ya meza nikasikia mlio ambao sikuwahi kuusikia: tk, tk, tk, kimya, halafu tena tk, tk. Ikapita karibu dakika nzima kabla picha haijaendelea, kisha ikaganda tena. Yule mama akanitazama. Nikamwomba arudi wiki inayofuata.

Naandika haya kwa wenzangu wenye studio, stationeri, zahanati ndogo, shule, yeyote aliyeambiwa "weka diski mbili, moja ikifa nyingine ipo" akaridhika hapo. Mimi niliridhika miaka minne na nusu, na nusura inigharimu kila kitu.

Seva yetu ni kompyuta ya mezani yenye Ubuntu, ambayo ni aina ya mfumo wa Linux. Mfumo wenyewe unakaa kwenye diski ndogo peke yake, na kazi zinakaa kwenye diski mbili za terabaiti 4 zinazoakisiana: ukiandika kitu, kinaandikwa kotekote. Mpango huo ni wa zamani, na mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipopanga ngazi zake kwa namba, kuakisi kukawa ngazi ya kwanza, ndiyo maana huitwa RAID 1. Diski zetu nilizinunua mwezi wa kumi 2019, siku moja, duka moja, aina moja. Wakati ule niliona nimefanya jambo la maana. Sasa najua kwamba diski mbili zilizozaliwa pamoja na kufanya kazi ileile, kwenye joto lilelile la pwani, huzeeka pamoja. Usinunue mapacha. Chukua za kampuni mbili tofauti, au angalau zipishane miezi kadhaa.

Yule mama alipoondoka nikatazama hali ya kioo, yaani kundi la hizo diski mbili zinazoakisiana, kwa amri niliyoizoea, `cat /proc/mdstat`. Ikaniletea [UU], maana yake diski zote mbili zipo kazini. Nikashusha pumzi, na hapo ndipo nilipojidanganya mara ya kwanza. Ile [UU] inakwambia tu kwamba hakuna diski iliyotolewa kundini. Linux ikishindwa kusoma sekta, yaani kipande kidogo cha diski, kwenye diski moja, huisoma kwa pacha wake, kisha hujaribu kuiandika upya pale iliposhindikana, na kazi inaendelea. Diski inaweza kuumwa miezi kadhaa huku herufi zile mbili zikisimama palepale. Ndiyo sababu picha ilikuwa inaganda halafu inaendelea: diski mbovu ilikuwa inang'ang'ania sekta isiyosomeka, na ikikata tamaa, pacha wake anamalizia.

Ugonjwa wenyewe unaonekana kwa `smartctl -a`, ambayo husoma kumbukumbu inayotunzwa na diski yenyewe. Orodha yake ni ndefu na inatisha, lakini mistari ya kuanzia ni michache. Wa 5, Reallocated_Sector_Ct, ni sekta zilizokwisha kufa na kuhamishiwa sehemu ya akiba. Wa 197, Current_Pending_Sector, ni sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado inasubiri kuzitolea uamuzi. Wa 198 ni zile zilizoshindikana hata kwenye kipimo chake yenyewe. Mfumo huziita diski zetu sda na sdb. Kwenye sda yote mitatu ilikuwa sifuri. Kwenye sdb wa 5 ulikuwa 408 na wa 197 ulikuwa 56. Kuna na wa 199, unaohesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na ubao wa kompyuta. Ukiona huo peke yake ndio unapanda na mingine imetulia, badilisha kebo kwanza kabla hujatoa hela ya diski. Watu wametupa diski nzima kwa kosa la kebo.

Kwa nini sikujua mapema? Sababu ni mbili, zote zangu. Ya kwanza, programu ya mdadm, inayosimamia kioo, inaweza kukutumia barua pepe diski ikitoka kundini, na smartd, mwenzake smartctl, inaweza kukutumia mistari kama hiyo ikianza kupanda. Sikuwahi kuweka anwani yangu. Ya pili iliniuma zaidi nilipoielewa. Ubuntu yetu ilikuwa imepanga ukaguzi wa kioo kizima kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, usiku wa manane, ambapo kila sekta ya diski zote mbili husomwa, hata ile ya video ambayo hakuna aliyeifungua tangu 2019. Sisi tulikuwa tunazima mashine Jumamosi jioni mpaka Jumatatu asubuhi, tuokoe umeme. Kwa hiyo ukaguzi huo, kwa kadiri nionavyo, haukufanyika hata mara moja. Harusi za zamani zikakaa pale hazisomwi, na sekta zikafa chini yake kimyakimya.

Nikampigia kaka mmoja fundi aliyeko Dar, ambaye ndiye aliyenifundisha haya mambo. Akanisikiliza, kisha akasema, "Dada, kabla hujagusa kitu, nakili kila kilichomo ukitoe nje. Kila kitu. Ukishaitoa hiyo mbovu unabaki na mguu mmoja, na huo mguu una umri uleule."

Nilikuwa na diski ya nje ya terabaiti 2. Kazi zetu zilikuwa terabaiti 2.6. Nikachagua. Na ninakiri namna nilivyochagua: nilianza na harusi ambazo wateja hawajamaliza kulipa, nikafuata zilizo kwenye uhariri, diski ikajaa. Nikahi ya bintiye yule mama ilikabidhiwa na kulipwa tangu 2020, kwa hiyo haikuwemo. Nikajiambia kioo kipo.

Kupata diski mpya nako kulikuwa na yake. Ya kwanza ililetwa na basi kutoka Dar ikiwa ndani ya mfuko wake uliofungwa, imeandikwa mpya. Nilipoichomeka na kusoma Power_On_Hours, ilikuwa na saa zaidi ya elfu 21 za kufanya kazi. Hiyo ni zaidi ya miaka miwili bila kuzimwa. Nikairudisha, na mwenye duka akanirudishia pesa bila ubishi. Tangu siku hiyo, kama nipo Dar mwenyewe, naomba diski ichomekwe palepale kaunta nisome saa zake kabla sijatoa hela. Kama sipo, namwomba muuzaji anipigie picha ya skrini yenye saa na serial namba pamoja.

Jambo lingine la kuuliza dukani ni namna diski inavyoandika. Ziko ambazo njia zake za kuandikia hupandana kama vigae vya paa, huitwa SMR, na ziko za kawaida, CMR. Zile za vigae ni rahisi kidogo na zinafaa kuhifadhia, ila ukiziingiza kwenye kioo zikaandikwa mfululizo terabaiti nne, zinaweza kuchoka njiani na kasi ikaporomoka, kazi ya usiku mmoja ikawa ya siku kadhaa. Mwaka 2020 ilijulikana kuwa baadhi ya diski zilizouzwa kwa matumizi hayohayo zilikuwa za vigae bila kuelezwa, kwa hiyo usitegemee maandishi ya boksi tu, itafute namba ya modeli kwenye karatasi ya maelezo ya kampuni. Pia diski mpya isipungue ukubwa hata sekta moja chini ya ile iliyobaki. Za terabaiti 4 kwa kawaida zina sekta 7,814,037,168, linganisha kabla ya kufungua kasha.

Diski ya pili ilifika Jumamosi, saa yake ya kazi sifuri. Na mimi nilikuwa na haraka, maana Jumapili tulikuwa na harusi Pangani na mdogo wangu alikuwa anahitaji mashine Jumatatu.

Nikaitoa sdb kundini kwa amri, `mdadm /dev/md0 --fail /dev/sdb1`, kisha `--remove`. Hapo sikukosea. Nikazima, nikafungua kasha. Diski mbili zimelala moja juu ya nyingine, rangi moja, lebo moja, kebo nyekundu mbili zinazofanana. Nikasema a ya juu, b ya chini. Nikashika bisibisi, nikafungua ya chini, nikaiweka mezani kando ya kikombe cha chai, juu ya kipande cha gazeti. Nikaingiza mpya, nikafunga, nikawasha.

Mashine ikachelewa kidogo kuwaka, kisha ikawaka. Kioo kikaonekana kina diski moja, [U_], kama nilivyotarajia. Nikanakili mpangilio wa partisheni, yaani migawanyo ya diski, kwenye diski mpya, nikaiongeza kundini, ujenzi ukaanza. Nikaenda kuswali Adhuhuri nimeridhika.

Niliporudi ilikuwa asilimia 3, na kasi imeshuka kutoka megabaiti 160 kwa sekunde mpaka kilobaiti kadhaa. Na chini ya meza: tk, tk, tk.

Nikadhani nimeuziwa tena diski mbovu. Nikampigia kaka fundi nikiwa na hasira. Akaniuliza swali moja: "Nisomee serial namba ya hiyo iliyoko mezani." Nikaigeuza, nikamsomea. Nilikuwa nimemtumia matokeo ya smartctl tangu Jumanne, akatazama upande wake. Akakaa kimya, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Dada, zima mashine sasa hivi. Iliyo mezani ndiyo nzima."

Mikono ilinilegea. Diski pekee yenye afya, yenye miaka minne na nusu ya harusi za watu, ilikuwa juu ya gazeti kando ya chai, na mdogo wangu alikuwa ameegemea meza ileile anapakia kamera za Pangani.

Kilichotokea ni hiki, na nakieleza taratibu kwa sababu kinaweza kumkuta yeyote. Majina sda na sdb hutolewa mashine inapowaka, hayahusiani na diski ipi iko juu au chini. Na nilipoitoa ile mbovu kundini, taarifa ya kutolewa kwake iliandikwa kwenye diski iliyobaki. Yenyewe haikuandikwa kitu. Kwa hiyo iliposhtuka iko peke yake, ilijiona bado ni mwanachama halali aliyepotelewa na mwenzake, ikawaka, na mfumo ukaiamini. Ningeanza kuhariri siku ile ningekuwa naandika kazi mpya juu ya diski inayokufa, na baadaye ningekuwa na diski mbili zinazodai ukweli tofauti. Ile mpya nayo ilikuwa inanakili kutoka kwa mgonjwa.

Kaka fundi akaniongoza hatua kwa hatua. Toa zote mbili. Rudisha ile ya mezani peke yake, washa, soma serial namba kwa smartctl, soma na iliyoandikwa kwenye lebo, zilingane herufi kwa herufi. Angalia kama kioo kimewaka na faili zipo. Zilikuwepo, zote. Kisha zima, ingiza mpya, na kabla ya kuiongeza futa alama ya kundi iliyokwisha kuandikwa juu yake kwa `--zero-superblock`, isije ikajidai mwanachama. Mbovu isirudi tena ndani ya kasha hilo. Na kwenye kunakili partisheni, andika karatasini ipi ni chanzo na ipi ni ya kupokea, kwa serial namba, kabla ya kubonyeza. Ukigeuza majina hayo mawili umeifuta nzima kwa mkono wako. (Kama kwako mfumo wenyewe unakaa kwenye kioo hichohicho, kumbuka kuweka kiwashio, yaani GRUB, kwenye diski mpya, la sivyo siku ile nyingine ikifa mashine haitawaka.)

Lakini safari hii sikuongeza kitu mpaka nimenakili. Nilimwazima jirani mwenye duka la simu diski yake ya nje, nikatoa zile gigabaiti 600 zilizobaki kwanza. Folda ya yule mama ilikuwa ya kwanza. Niliisubiri mpaka ikaisha, nikaifungua, nikamwona mzee akipokea maiki, ndipo nikaendelea na nyingine.

Ujenzi ulianza saa tatu usiku. Kasi ilianza megabaiti 170 kwa sekunde na ikawa inashuka kidogo kidogo. Hilo lisikutishe: pembeni mwa sahani kuna kasi kuliko karibu na kati, kwa hiyo mwisho wa kazi huwa polepole, yangu ilimalizia kwenye 85. Diski ya terabaiti 4 ihesabie saa nane au tisa. Usiibebeshe kazi nyingine usiku huo. Mdogo wangu alikwenda Pangani na msaidizi, mimi nikalala kwenye mkeka studio.

Saa nane usiku umeme ukakatika. UPS yetu ilikuwa na betri ya zamani, ikawa inalia. Nilikuwa na dakika chache, nikazima mashine kwa utaratibu badala ya kusubiri izimike yenyewe. Nilidhani nimepoteza saa tano. Umeme uliporudi alfajiri niliwasha, na ujenzi ukaendelea pale ulipokuwa umefika, kwa sababu mfumo huandika kwenye diski umefika wapi. Saa nne asubuhi nikaona [UU]. Sikushangilia. Nikaanzisha ukaguzi wa kioo kizima, ukachukua siku nzima, tofauti zikawa sifuri. Hapo ndipo nilipokula.

Gharama niliziandika daftarini. Diski mpya 385,000. Diski ya nje ya terabaiti 4, ambayo ilipaswa kuwepo tangu mwanzo, 420,000. Betri ya UPS 65,000. Mizigo ya basi na nauli 30,000. Na 150,000 nilizomrudishia bwana harusi mmoja ambaye video yake ilichelewa. Milioni moja na elfu hamsini, kwa studio kama yetu ni pesa ya kuumiza.

Diski ya nje sasa inapokea nakala kila Alhamisi usiku, kisha inalala nyumbani kwa mama yangu, mtaa mwingine kabisa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ya kitu kilichotukuta 2022, ambacho diski haikuhusika nacho. Mdogo wangu alifuta folda akidhani ni nakala ya pili. Kioo kikatii, kikafuta kotekote kwa sekunde moja. Ilikuwa send-off ya binti mmoja wa Muheza, na mpaka leo nikikutana na familia ile mjini siwezi kuwatazama machoni. Kuakisi kunakukinga na diski inayokufa. Mkono unaokosea, mwizi, moto au maji ya masika vinazipata diski zote mbili pamoja.

Kwenye pande za diski zetu, upande unaoonekana kasha likifunguliwa, sasa kuna karatasi nyeupe ya gundi yenye herufi nne za mwisho za serial namba na tarehe ya kununuliwa, kwa maandishi makubwa. Hakuna hatua iliyonigharimu kidogo kuliko hiyo.

Ile mbovu walitaka kuinunua. Kijana mmoja alisema atatoa elfu thelathini, achukue vipuri. Nikakataa. Mnajua tunachorekodi sisi huku pwani: kwenye singo na kesha za wanawake, simu hukusanywa mlangoni, watu hukaa bila buibui, na mimi huitwa kwa sababu ni mwanamke mwenzao. Diski inayokataa kusoma sekta 56 bado inasoma mabilioni ya nyingine. Nilimkabidhi mdogo wangu bisibisi ya nyota, akaifungua uani, akatoa sahani moja moja. Zilikuwa zinang'aa kiasi cha kujiona uso. Akazikunja kwa nyundo mbele yangu mpaka ya mwisho. Kama diski yako bado ina waranti, fikiria hilo kabla hujairudisha dukani ikiwa na mambo ya watu.

Yule mama alirudi Jumanne. Nikafunga mlango, nikamwekea kiti karibu na skrini. Mumewe akapokea maiki, akakohoa, akatafuta miwani mfukoni, akamwita binti yake kwa jina la utotoni ambalo wageni waliokuwepo hawakulielewa. Mama akashika ncha ya mtandio wake. Video ilipoisha akaniomba nirudishe pale anapotafuta miwani. Nikarudisha mara tatu.

Kisha akafungua mkoba akatoa flashi mbili mpya, bado zimo kwenye karatasi zake. "Niwekee zote mbili, mwanangu," akasema. "Moja nikae nayo, moja aende nayo bintiye Muscat."